Walimwambia ni Masaa Saba

Mwanamke niliyempenda nilimsukuma mwenyewe kwenye kiti cha magurudumu mpaka mlango wa ndege, na alikuwa na miguu mizima kuliko yangu.

Ngoja nieleze, maana ukisikia hivyo utadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Kazi yangu ni kusukuma viti pale kiwanja cha ndege. Nusu ya watu ninaowasukuma si wagonjwa. Ni wazazi wa watu. Watoto wao wako ng'ambo, wamewakatia tiketi, na wanaogopa mama au baba atapotea humo ndani kwenye ngazi zinazotembea zenyewe na vibao vinavyoelekeza kila upande. Basi mtoto akikata tiketi anaandikisha na kiti. Mzazi anafika mlangoni anatembea kama askari, anaambiwa kaa hapa, anakaa huku anaona haya. Kuna bibi mmoja tulipofika kwenye mwinuko aliona ninavyohema, akateremka, akanisaidia kusukuma kiti chake.

Asubuhi ile msimamizi wa zamu aliniambia kuna mama wa ndege ya saa nne, niende nikampokee mlango wa tatu. Hakusema ni nani, na hata angesema isingesaidia, kwa sababu kwenye kompyuta yao wanaandika majina ya kwenye pasipoti na sisi mtaani hatuyajui. Nikachukua kiti, nikajaribu breki mara mbili kama kawaida yangu, nikaenda.

Mlango wa tatu nikamkuta Mama Zipu.

Mama Zipu ana kibanda nyuma ya geti la wafanyakazi. Ana cherehani moja, stuli mbili, na kopo lililojaa vichwa vya zipu vya kila saizi. Begi la msafiri likipasuka dakika za mwisho, wapagazi wanalikimbiza kwake. Anapaka mshumaa kwenye meno ya zipu, anavuta taratibu, huku ulimi umemtoka kidogo pembeni ya mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Mara ya kwanza nilimpelekea koti langu la kazi. Akalitazama, akanitazama, akasema, "Wewe unavuta zipu kama unagombana nayo." Ni kweli, nilikuwa nagombana na kila kitu wakati ule.

Mke wangu alifariki hospitalini akisubiri lifti. Chumba cha upasuaji kilikuwa juu, yeye alikuwa chini, lifti ilikuwa mbovu. Fundi alikuwepo, kifaa kilikuwepo stoo, ila mkubwa wa kusaini kitoke stoo alikuwa semina. Semina ilihusu nini sijui mpaka leo. Nadhani ilihusu namna ya kusaini. Tangu siku ile mtu akinitajia mkubwa yeyote, awe wa hospitali au wa kiwanja, mdomo wangu unaingia uchungu kama nimetafuna kidonge.

Mama Zipu ndiye aliyenipunguzia uchungu huo, bila kujua au labda akijua. Naye alikuwa peke yake miaka mingi. Koti langu likaanza kuharibika mara kwa mara. Wenzangu walicheka, wakasema Breki siku hizi zipu zake zinakufa kama nzi. Breki ndilo jina walilonipa. Hawakujua kwamba nilikuwa nazivunja mwenyewe kwa koleo.

Mwisho nilimtuma rafiki yangu mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, akaniposee Mama Zipu kwa kaka yake. Huyo kaka ni karani wa benki mstaafu, anavaa suti hata akienda kununua sabuni. Rafiki yangu alirudi amenyong'onyea. Kaka mtu alimwambia hivi: "Dada yangu hajafikia hatua ya kusukumwa." Basi, nikanyamaza. Nikaendelea kupeleka koti, naye akaendelea kulitengeneza, na habari ile haikutajwa tena baina yetu.

Halafu binti yake wa pekee, muuguzi huko mbali, akapata ujauzito wa kwanza. Akataka mama yake aende. Tiketi ilipokuja, kaka aliisoma kwa sauti kibandani pale, mimi nikiwa nimekaa kwenye ile stuli ya pili. Ndege inaondoka saa nne asubuhi, inafika saa kumi na moja jioni, tarehe ile ile. Kaka, ndani ya suti yake, akahesabu kwa vidole, akatangaza: masaa saba. Akasema ni kama kwenda kwa shangazi kwa basi, tofauti ni kwamba hutatikisika. Binti naye kwenye simu alikuwa amesema si mbali, mama, asubuhi unapanda, jioni uko kwangu.

Na mimi nilihesabu. Nilipata saba vilevile. Nikajifariji kwamba mtu aliye masaa saba hajapotea, anaweza kuja hata kwa harusi ya jirani akarudi.

Sasa pale mlango wa tatu kaka aliponiona nasukuma kiti kuja kwao, uso wake ulibadilika. Akaniuliza kama hakuna mwingine. Nikamwambia wapo, ila ndege mbili kubwa zimeshuka pamoja na wote wako huko, akitaka asubiri, ila dirisha la kupokea mizigo linafungwa. Akatazama saa. Akamtazama dada yake, ambaye alikuwa anatazama dari.

"Mfikishe kwenye ndege," akaniambia. "Umenielewa? Kwenye ndege. Siyo kwingine."

"Kwingine wapi, mzee? Kiti hiki hakina injini."

Mama Zipu akacheka puani. Akakaa kwenye kiti, akapanga mikono mapajani, na kaka yake akabaki nje ya kioo, maana zaidi ya pale asiye na tiketi haruhusiwi.

Ubaya wa kazi yangu ni kwamba mtu unamwona kisogo. Nilikuwa na mtu ambaye moyo wangu wote uko kwake, yuko mbele yangu hatua moja, na ninachokiona ni fundo la kilemba chake. Lakini kile kiwanja kina maduka marefu ya vioo. Tulipopita duka la saa nikamwona usoni kwenye kioo. Alikuwa amepaka wanja. Sijawahi kumwona na wanja kibandani. Tulipopita duka la manukato nikamtazama tena, na macho yetu yakakutana humo humo kwenye kioo, yeye akiwa ameshaniwahi. Hakuna aliyeyaondoa. Tulikwenda hivyo duka zima, nikakaribia kumgonga mzungusha fagio.

"Tazama mbele, Breki," akasema. "Nimekabidhiwa kwako nikiwa mzima."

Nikamuuliza kama anaogopa. Akasema kidogo, wakati wa kupaa, baada ya hapo atalala akiamka yuko kwa mwanawe. Akaniambia kibanda amemwachia shoga yake, nisimpelekee yule koti zangu, ana mkono mzito. Akasema mtoto akizaliwa, akishajua kunyonya vizuri, yeye atakuwa anakwenda na kurudi, maana masaa saba ni kitu gani. Nikamwambia kweli, ni kitu gani. Nilisema hivyo nikiwa na furaha kabisa.

Kwenye chumba cha kusubiria nilitakiwa nimwache nikafanye kazi nyingine, nirudi watu wakianza kupanda. Sikwenda. Nikafunga breki, nikakaa kiti cha pembeni, nikafanya kama nakagua gurudumu. Saa nne ikafika, hakuna aliyeitwa. Saa nne na nusu. Watu wakaanza kunung'unika na mimi nikanung'unika kuliko wote, nikisema ndivyo walivyo hawa wakubwa, wamekaa mahali wanakunywa chai.

Ndipo dada wa mlangoni, mwenye sketi ya bluu, akashika kipaza sauti. Akaomba radhi. Akasema ndege ni nzima ila choo kimoja cha nyuma hakivuti maji, mafundi wanakishughulikia, na kwa safari ya masaa kumi na tano kampuni haiwezi kuwaondoa abiria katika hali hiyo.

Watu wakacheka. Sisi wawili hatukucheka.

Mama Zipu akainuka kutoka kwenye kiti chake cha mgonjwa, akamfuata yule dada kwa miguu yake. Nikamfuata nyuma. Akamwambia kwa adabu kwamba amekosea, safari ni masaa saba, tiketi hii hapa. Yule dada alikuwa mstaarabu, hakumcheka. Akaeleza kwamba saa ya kuondoka imeandikwa kwa saa ya hapa na saa ya kufika imeandikwa kwa saa ya kule, na kule wako nyuma yetu kwa masaa manane, wakati sisi tumekula mchana wao bado hawajaamka. Ndege inalikimbiza jua, ndiyo maana jioni inachelewa. Akageuza kompyuta yake atuoneshe. Kilomita elfu kumi na tatu na ushee. Kulikuwa na mstari mwekundu uliopinda, umeanzia ukingo mmoja wa ramani ukaishia karibu na ukingo wa pili, na chini yake sehemu kubwa ilikuwa bluu tupu.

"Hiyo bluu ni nini?" akauliza.

"Ni maji, mama."

Akarudi akakaa. Akatoa simu, akampigia binti yake. Mimi nilisikia upande mmoja tu. Alimuuliza kwa nini hakumwambia. Akasikiliza. Bega lake likaanza kushuka taratibu. Alipokata simu aliniambia alichojibiwa: binti amelia, amesema, mama, ningekwambia ungekuja? Amesema anawazalisha wenzake kila siku na sasa zamu yake imefika anaogopa kama mtoto. Na jambo la pili limemtoka katika kulia huko. Chumba cha mama ameshakipaka rangi. Hakutaka aende arudi, alitaka akakae moja kwa moja. Mjomba mtu anajua.

Hapo nikawaka. Nikasema hao ndio wenyewe, watu wa kuamua juu ya wenzao. Nikamtaja kaka na suti yake. Nikataja kampuni ya ndege inayoandika tiketi kwa hila, nikataja hospitali, nikataja semina, nikataja lifti. Nilisema sana. Mzee mmoja aliyekaa jirani alihamisha begi lake.

Mama Zipu aliniacha niishe pumzi. Kisha akanigeukia, safari hii si kwenye kioo, uso kwa uso.

"Wewe kila kitu ni wakubwa," akasema. "Wakubwa wamefanya, wakubwa hawajafanya. Sasa nikuulize. Habari yetu ilikwamishwa na mkubwa gani?"

"Kaka yako si alikataa."

"Ulimwomba kaka yangu. Kaka yangu akajibu la kwake. Mimi uliniuliza lini?"

Nikamwambia nilifuata utaratibu, nilimtuma mtu mwenye heshima.

"Mtu mwenye heshima alipita mbele ya kibanda changu akaenda kwa kaka, akarudi akapita tena mbele ya kibanda changu. Nikamsalimia kwenda na kurudi. Nikakaa nangoja. Nikasema leo atakuja mwenyewe. Unakuja, unaleta koti. Kesho koti. Unadhani mimi sijui alama za koleo kwenye zipu? Miaka yote hii nashona zipu, Breki."

Nikaifunika zipu ya koti langu kwa mkono.

"Kwa mwanangu nitakwenda," akaendelea, na sauti yake ikalegea. "Siwezi kumwacha azae peke yake ukingoni mwa dunia. Hata ingekuwa masaa mia. Lakini masaa saba nilikuwa naweza kwenda bila kuulizwa kitu na mtu, kwa sababu ningerudi tu, kama mtu aliyetoka dukani. Hii ya kumi na tano ni nyingine. Kutoka kule mtu harudi kwa bahati mbaya. Anarudi akiwa na sababu."

Dada wa sketi ya bluu akashika kipaza sauti, akashukuru kwa uvumilivu, akasema choo kimepona. Wanaohitaji msaada watangulie. Yaani yeye. Yaani sisi.

Nimewasukuma watu wengi kupita njia ile, lakini sikuwahi kuona ilivyo fupi. Nikazunguka mbele ya kiti. Nikapiga goti moja, si kwa mbwembwe, ni kwamba ndivyo tunavyofungua breki za mbele, ila nilipofika chini nikabaki hapohapo. Nikamwambia maneno ambayo nilikuwa nayo muda mrefu na sikuwahi kuyatoa kwenye hewa.

"Nataka uwe mke wangu. Sikuombi kupitia kwa mtu. Kazi yangu unaijua, mdomo wangu unaujua, hasira zangu umezisikia sasa hivi. Nyumba yangu ina kimya tangu mwenzangu aondoke, na kimya hicho kinapungua nikiwa kwenye stuli yako tu. Nenda kwa mwanao. Nakuomba urudi kwangu."

Foleni yote nyuma ilikuwa imenyoosha shingo. Yule mzee wa begi alikuwa amelirudisha karibu.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza."

"Ilikuchukua muda." Macho yake yalikuwa yamelowa na wanja umeanza kutembea. "Sasa nisukume, wasije wakakufukuza kazi."

Nikamsukuma kwenye ule mrija mrefu wa kuingilia ndegeni. Humo hamna vioo, nikarudi kutazama fundo la kilemba. Mlangoni mwa ndege akainuka. Nikadhani ataingia bila neno. Akanishika kola ya koti, akaivuta zipu taratibu mpaka juu kama mtu anayemfunika mtoto baridi.

"Jibu la namna hiyo silitoi huku nasukumwa na foleni," akasema. "Kule juu nitakaa kimya masaa kumi na tano, hakuna kaka, hakuna binti. Nitalifikiria mwenyewe. Nikifika nitakupigia."

Nikamwambia ni muda mrefu.

"Wewe ulininyima swali kwa miezi. Mimi nakunyima jibu kwa siku moja. Unalia nini?"

Akaingia. Mhudumu akampokea begi, na mimi nikarudi na kiti kitupu nikapokelewa na msimamizi wa zamu, ambaye alikuwa amenitafuta kila mahali. Alisema maneno yake yote. Kwa mara ya kwanza sikumwona kuwa mkubwa. Nilimwona mtu mwenye viti vichache na wazee wengi.

Siku ile sikula. Nilikuwa najiuliza atakuwa wapi, kwenye nchi kavu au ameshafika kwenye ile bluu. Jioni nikiwa nyumbani nilitazama dirishani, hapa kwetu giza linaingia, nikawaza kwamba kwake bado ni mchana mweupe, anakimbizana na jua, na pale kitini anapima mambo: mjukuu upande huu, mtu mwenye koleo upande ule. Nilijua nani mzito. Chumba cha watu kimeshapakwa rangi. Nikamsamehe kabla hajasema. Kitu hicho sikuwahi kumfanyia mtu tangu mke wangu afariki.

Kesho yake asubuhi nilikuwa mlango wa tatu, nimempakia babu mmoja mwenye gauti ya kweli, kidole cha mguu kimemvimba, simu ikaita. Namba ilikuwa ndefu kama ya mzigo. Nikafunga breki, nikamwomba babu radhi.

"Nimefika," akasema Mama Zipu. Sauti ilikuwa inachelewa kidogo, kama na yenyewe inavuka maji. "Ni mbali, Breki. Usidanganywe na mtu. Ni mbali sana. Nimelala nikaamka, nikalala nikaamka, jua liko palepale."

Nikamuuliza hali ya binti. Akasema tumbo limeshuka, wakati wowote, na wameshagombana mara moja wakapatana, kwa sababu amemwambia wazi kwamba chumba ni kizuri ila atakikaa kama mgeni, mpaka mtoto atakapomzoea mama yake. Akasema pia ameshampigia kaka yake. Hakumwomba ruhusa, amempa taarifa.

Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa kiti kwa nguvu, nasubiri. Nikasikia mlango unafungwa kule, akashusha sauti.

"Huku usiku umeingia, wote wamelala. Mimi macho makavu kabisa, mwili unaniambia kumekucha. Binti alitaka kuichukua saa yangu ya mkononi airekebishe, aniwekee ya huku. Nimemkatalia." Akavuta pumzi. "Imetikiswa na safari, sijui kama inasema kweli. Hebu niambie, kwetu saa ngapi?"

Nikainua macho kwenye saa kubwa ya ukutani. Ilinichukua muda kuisoma, mishale ilikuwa inaelea machoni.

"Saa mbili na robo," nikamwambia. "Asubuhi."

"Basi iko sawa," akasema. "Itakaa hivyo hivyo mpaka nirudi, mume wangu."